Hodhi la Wanaume

Hebu mchore kichwani, msomaji wangu, mwanamke mmoja anayeingia kwenye ua wa nyumba ya mawe juu ya mto Douro, jua la Septemba likiwa limeegemea vilima vya ng'ambo. Kichwani ana kitambaa cheusi cha ujane, kiunoni aproni ya buluu iliyopaushwa na sabuni. Kwapani amebana mabeseni mawili ya plastiki, moja ndani ya jingine, na begani ametundika taulo. Tangu kulipopambazuka amekuwa matutani akikata zabibu, na mgongo bado haujakubali kunyooka. Anapofika haketi. Anajaza maji, anatandika gunia chini, anapiga magoti na kuanza kusubiri miguu ya watu.

Jina lake ni Felismina, mjane wa Olímpio. Mimi huuza mkate kijijini kwetu, napita na gari nyumba hadi nyumba, na dirisha la Felismina ndilo hufunguka la kwanza. Huchukua mkate mmoja wa duara na kunilipa, halafu juu yake ananiongezea mzaha. Siku ukiukosa huo mzaha, ujue magoti hayakumpa usingizi.

Miguu aliyokuwa akiisubiri ilikuwa ya wageni wa Bwana Gaspar, mwenye Nyumba ya Juu. Babake Gaspar aliishi kwa kuuza mvinyo. Gaspar anauza mvinyo, na anauza pia kuutazama. Mabasi madogo yanapanda zile kona zetu mpaka uani, wanashuka Wabelgiji, Wadenishi, Wamarekani, wanalala vyumba ambavyo zamani vilikuwa mazizi ya nyumbu. Asubuhi wanapewa kofia na mkasi, wanakata vichala viwili vitatu huku wakipigana picha, halafu wanakaa kivulini kula nyama ya kuokwa. Alasiri inakuja ile shughuli waliyoifuata kutoka kwao: kukanyaga zabibu kwa miguu kwenye hodhi dogo la mawe. Na kabla ya kuingia, lazima waoshwe. Gaspar alitaka waoshwe na mtu mzima wa kijijini, mwenye kitambaa cheusi, kwa sababu inapendeza kwenye picha.

Zabibu walizokanyaga wageni hazikuingia kwenye pipa lolote la maana. Walipoondoka, uji ule ulipelekwa kuchemshwa uwe pombe kali ya bei ya chini. Wao waliambiwa mvinyo wao utawasubiri chupani.

Mvinyo wenyewe ulikuwa wa hodhi kubwa, chumba cha pili, na hodhi kubwa lilikuwa la wanaume. Walisimama humo kwa safu, wameshikana mabega, zabibu zikiwafika mapajani, mmoja mbele akiwaitia: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Wanakanyaga hivyo kwa saa nyingi, bila wimbo wala maongezi, mpaka kila punje ipasuke. Ndipo kinanda kinapigwa na wanaruhusiwa kucheza. Mwanamke hakuwahi kutia mguu humo. Tulikuzwa tukiambiwa kwamba mguu wa mwanamke unaugeuza mvinyo kuwa siki, hata mvinyo wa jirani. Wanawake walikata zabibu, walipika, na walileta mabeseni kuwaosha wanaume miguu, na wakitoka chumba kile walitoka kinyumenyume.

Mtu akiuliza mbona wanawake wa Ulaya ya juu wanaingia kwenye hodhi dogo na nguo zao fupi, Balbina, jirani yake Felismina na mwenzake wa matutani tangu usichana, alikuwa na jibu tayari. "Wale si wanawake," alisema. "Wale ni wateja."

Sasa Felismina alikuwa na hamu moja, na haikuwa ya kutetea haki ya mtu yeyote. Ilikuwa hamu ya mwili. Marehemu Olímpio alikuwa mkanyagaji, na kila mavuno alirudi nyumbani miguu ya zambarau mpaka juu, anajitupa kitandani, na anamsimulia mkewe jambo lile lile. Kwamba unapoingia ni baridi, baridi ya mto, mpaka meno yanagongana. Halafu kwa ile miguu ya watu wote, na zabibu zinapoanza kuchacha, joto linapanda toka chini. Linakupanda kwenye nyayo, kwenye goti, unajisikia kama umesimama ndani ya mkate uliotoka tanuri sasa hivi. Alisema hakuna joto kama lile duniani, na kwamba wanaume wengi wagumu alishawaona wakilia humo bila sababu. Felismina aliiosha ile miguu miaka yote. Akaiosha ya babake, ya mumewe, halafu ya mwanawe Adérito, ambaye baada ya babake kufa ndiye aliyeitia kushoto na kulia. Joto lenyewe alilijua kwa kusimuliwa tu.

Mwaka ninaousema, habari ilishuka kutoka Nyumba ya Juu kwamba haya ndiyo mavuno ya mwisho ya hodhi kubwa. Gaspar ameagiza mashine yenye miguu ya mpira. Hodhi litafunikwa vioo juu, liwe meza ya kuonjea mvinyo.

Wiki hiyo hiyo Felismina alikuwa amepiga magoti mbele ya mama mmoja wa Kibelgiji, mrefu, mwenye madoa ya jua mabegani, aitwaye Griet. Griet hakuwa mtu mbaya. Aliona aibu kuoshwa na mtu wa umri wa mamake, akamuuliza Gaspar kwa Kifaransa: huyu mama naye amekanyaga mavuno mangapi?

Gaspar akacheka kwa upole. Akasema kwa Kifaransa hicho hicho, "Huyu? Huyu alizaliwa humo ndani. Kama si miguu yake, tusingekuwa na mvinyo."

Wageni wakaguna kwa heshima. Alichosahau Gaspar, au hakuwahi kujali kukijua, ni kwamba Felismina alifanya kazi za ndani Ufaransa ujanani, akarudi na Kifaransa kizima kichwani. Alisikia kila neno. Akakausha mguu wa Griet, kidole baada ya kidole, akahamia wa pili.

Kwetu siku ya mwisho ya mavuno wakataji hupamba tawi la mzabibu kwa maua, utepe na vichala vizuri kuliko vyote, na mwanamke mmoja hulibeba mbele ya ngoma mpaka mikononi mwa mwenye shamba. Hapo Nyumba ya Juu kuna nyongeza iliyoachwa na babu yake Gaspar: mbebaji wa tawi huomba kitu kimoja, na bosi hakatai. Watu wameomba paja la nguruwe, wameomba mapumziko, Balbina aliwahi kuomba mlango wa choo. Mwaka ule tawi lilikuwa la Felismina, kwa kuwa hakuna aliyemzidi umri.

Alimwambia Balbina wakiwa tutani, kwa sauti ya chini, atakachoomba. Balbina alisimama na mkasi hewani.

"Shoga," akasema, "miguu yako hiyo ikiingia mle, mvinyo utaruka pipa wenyewe ukatafute daktari."

Felismina akacheka pia, kwa sababu mzaha ulikuwa mzuri. Lakini jioni ile kila nyumba ilikuwa na habari, na Adérito alikuja kwa mamake bila kuvua kofia. Adérito ni mtu wa miraba minne, mtaratibu, anayemletea mamake kuni bila kuombwa. Walionisimulia wanasema alizunguka sana kabla ya kufika kwenye neno. Alisema paa la jiko linavuja, mbona asiombe bati. Alisema godoro limekwisha.

"Godoro halina neno," mamake akajibu.

"Mama, wale wanaume wananisikiliza mimi. Nikisema kushoto wanaenda kushoto. Ukiingia mle, kesho nitamwambia nani nini?"

"Utawaambia kushoto. Halafu utawaambia kulia."

"Usinitie aibu, mama. Nakuomba."

Felismina akamwekea supu ya kabichi. Adérito akaila yote, akaosha bakuli, akambusu kwenye paji la uso. Akaondoka akiamini wameelewana. Ndivyo tulivyo huku kwetu: mtu akila chakula chako hadi mwisho, umekubaliana naye. Mama na mwana kila mmoja alitoka mezani akiamini mwenzake ndiye aliyekubali.

Siku ya tawi ilikuwa imenyesha alfajiri, zabibu zilishuka matutani zikiwa na maji na baridi. Gaspar alikuwa ameisogeza kazi ya hodhi kubwa toka baada ya chakula cha usiku mpaka alasiri, ili wageni waone vizuri. Wanaume walikuwa tayari ndani, safu mbili, kaptura na mapaja meupe, Adérito mbele. Wageni walipangwa kando ya ukuta wakiwa na glasi mkononi. Ngoma ikaingia uani, kinanda nyuma yake, na mbele ya wote Felismina na tawi lake. Alikuwa amevaa viatu vya kanisani.

Alimkabidhi Gaspar tawi. Gaspar akalibusu, akamuuliza kwa sauti ya jukwaani anataka nini mwaka huu.

"Nataka kukanyaga hodhi kubwa," Felismina akasema. "Pamoja na wanaume."

Kinanda kikakata. Mgeni mmoja akauliza kumesemwa nini, na kabla mtu hajatafsiri, Felismina akageuka akalisema tena lile neno kwa Kifaransa safi. Wageni wakapiga makofi. Griet alipiga kuliko wote, na aliposhusha mikono machozi yalikuwa yanamlenga.

Hapo ndipo Gaspar alipojua kwamba alisikiwa siku ile. Niseme ukweli, ni mtu mwerevu. Uso haukumbadilika hata kidogo. Akawaambia wageni kwa Kifaransa kwamba kwa furaha yote, ombi limekubaliwa. Halafu akainama kama anayembusu Felismina shavuni na kumwambia kwa lugha yetu, "Umenipata, bibi. Ingia. Mimi mlango ni wangu, ila wanaume si wangu."

Sasa mtu haingii hodhini bila kuoshwa. Mabeseni yalikuwa pale, na wanawake walikuwa pale na taulo, wote aliokata nao zabibu tangu wasichana. Felismina akaketi kwenye benchi, akavua viatu vya kanisani na soksi, akanyoosha miguu mbele. Vidole vilikuwa vimepindana, mishipa imejaa. Akangoja. Hakuna aliyeinama. Balbina alikuwa akikunja taulo, anaikunjua, anaikunja tena. Mwisho Felismina akavuta beseni karibu, maji yenyewe yakiwa yale yaliyooshea wanaume, akajiosha mwenyewe.

Akapandisha sketi akaifunga kiunoni, akavuka ukingo, akaingia.

Baridi ilimkata pumzi. Walioko karibu walimwona akifumba macho na kutabasamu, maana hiyo ndiyo baridi aliyoambiwa. Akasogea kwa shida katikati ya zabibu mpaka mwisho wa safu ya kwanza, akanyanyua mkono kuuweka begani kwa mwanamume aliyekuwa pale, kijana wa mwenye gereji. Kijana akalitoa bega taratibu, kama mtu anayetoa kiti. "Samahani, mama," akasema, na akapanda ukingoni akatoka.

Wa pili naye akasema samahani. Baada ya hapo hawakusema tena. Walitoka mmoja mmoja, bila haraka, maji mekundu yakiwachuruzika miguuni, wakajipanga upande wa pili wa chumba, mikono kifuani. Hakuna aliyemtukana. Alibaki Adérito peke yake mbele, amempa mamake mgongo.

"Adérito," mamake akamwita. "Hesabu tu, mwanangu. Nitafuata."

Akageuka. Wote mle ndani waliuona mdomo wake ukifunguka, na wapo wanaoapa mpaka leo kwamba walisikia "ku" ya kushoto ikitoka. Kisha akatazama wale wanaume kule upande wa pili, wanaume atakaoonana nao kilabuni, kanisani, kwenye kuwinda nguruwe, maisha yote yaliyobaki. Mwanamume mmoja akakohoa.

"Toka, mama," akasema kwa sauti ndogo. "Tutoke wote. Bado haijaharibika kitu."

"Mimi nimeingia sasa hivi."

Adérito akatoka. Alipita karibu naye kabisa, na aliposhika ukingo kupanda, yeye Felismina, kwa mazoea ya miaka, alimshika kiwiko asiteleze.

Wageni wakapiga makofi. Utawalaumu vipi? Waliona kikongwe ameachiwa hodhi zima, na wanaume wamesimama safu wamenyamaza kama kwenye misa. Na Gaspar, glasi juu, aliwaeleza kwa kile Kifaransa chake laini kwamba hii ni desturi ya kale sana ya bonde letu: mama mkubwa kuliko wote huyafunga mavuno peke yake, na wanaume humpisha kwa heshima. Simu zikanyanyuliwa zote.

Felismina alisikia kila neno, kama siku ile. Alikuwa mbele ya watu wanaomwelewa akisema Kifaransa, na nafasi alikuwa nayo ya kusema. Badala yake alianza kukanyaga. Alijiitia mwenyewe, kushoto, kulia, na kwa kuwa hakuwa na bega la kushikilia alinyoosha mikono pembeni kama mtu anayepita juu ya gogo. Mara mbili aliyumba. Mara zote mbili wageni walicheka kwa upendo.

Kengele ya chakula ilipolia wageni wakaenda kula samaki mkavu na viazi. Wanaume wakaondoka. Wanawake wakakusanya mabeseni. Yeye akabaki, akiendelea. Unaelewa alikuwa anangoja nini. Alikuwa anangoja joto. Lakini lile joto linatoka kwenye miguu ya watu wengi, saa nyingi, na zabibu za mvua haziamki kwa mguu mmoja. Alikanyaga mpaka miguu ikafa ganzi, na hodhi likabaki baridi vile vile, kama mto.

Balbina ndiye aliyerudi kumtoa. Alimvuta kwapani, akamkausha, akamvisha soksi, na hakuweza kujizuia. "Haya, umeingia," akamwambia. "Kuko vipi?"

Meno ya Felismina yalikuwa yanagongana.

Kesho yake Adérito na wenzake waligoma kuingia. Walisema limeshaharibika. Gaspar hakubishana nao, akaamuru zabibu zote za hodhi kubwa, mavuno ya mwisho ya hodhi la babu yake, zikachemshwe pombe kali pamoja na zile za wageni. Hasara hiyo kijiji hakikumwekea Gaspar, wala wanaume waliogoma. Kilimwekea Felismina. Mpaka leo kuna watu wakipita dirishani kwake hupindisha mdomo na kusema siki. Adérito bado anamletea kuni. Anaziweka nje ya mlango.

Mngedhani yameishia hapo. Masika yaliyofuata Gaspar alitundika ukutani, ukumbi wa mapokezi, picha kubwa kuliko dirisha: Felismina ndani ya hodhi, mikono ameinyoosha, amefumba macho. Ni picha nzuri, sikatai. Ikasafiri mpaka huko wanakotoka wageni, na wageni wakaanza kuandika wakiuliza siku gani wataiona ile desturi. Basi Gaspar akashuka mwenyewe mpaka kwa Felismina na keki ya lozi mkononi. Alitaka aje kila Jumamosi ya mavuno, aingie kwenye hodhi dogo, peke yake, anyooshe mikono vile vile. Na matutani, akaongeza, wakataji wamesema hawatamchukua tena, kwa hiyo kazi nyingine kwake haipo.

Wanaume hawakuwa na neno. Hodhi dogo ni la wateja. Hata Adérito alisema hiyo sasa ni kazi tu, haina aibu.

Felismina anakwenda. Namwona Jumamosi akipanda ile njia na viatu vyake vya kanisani. Siku hizi ananunua mkate bila mzaha.

Jumamosi iliyopita yule Griet alirudi. Amesafiri kutoka Ubelgiji kwa ajili yake, akaomba ruhusa kwa Gaspar amwoshe miguu yeye mwenyewe. Akapiga magoti kwenye gunia lile lile, na rafiki yake akapiga picha. Aliiosha kwa uangalifu, vidole vyote vilivyopindana, akaikausha, akaishikilia mapajani mwake. Halafu akainua uso na kumuuliza kwa Kifaransa, taratibu, kama mtu anayeuliza jambo alilolibeba mwaka mzima: ni kweli wanavyosema, mama, kwamba kule ndani kunakuwa na joto?

Gaspar alikuwa amesimama nyuma na glasi yake. Adérito alikuwa mlangoni, amebeba kreti, amesimama. Balbina alikuwa na taulo. Wote wanne walikuwa wanamtazama mdomo.

Ungekuwa wewe, ungemjibu nini?